Rola ya Jiwe la Tabaka

Tak! Halafu krrr, halafu kishindo cha kioo kikitua tumboni mwa mlango, na mpaka leo nikisikia mtu akitafuna wali wenye changarawe mashavu yananichoma kwa aibu, kwa sababu sauti hiyo niliitengeneza mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii, mbele ya kanisa zima pale Nyanchwa.

Ngoja nianze vizuri. Mimi nakata vitambaa kwenye duka la Mama Hansa, mama wa Kihindi, hapa Kisii mjini (shule niliiachia kidato cha pili, lakini macho sikuyaacha huko), na nyuma ya duka kuna stoo ambamo marehemu mumewe aliacha gari la zamani, lile la kufunuliwa paa, rangi ya chai ya maziwa. Kila nikitumwa robota la kitambaa lazima nilizunguke kwanza. Kilichonisumbua akili ni kimoja: paa lenyewe lilishaoza likatolewa, sasa vioo vya milangoni ni vya nini? Si ni kama kufunga dirisha la nyumba iliyong'olewa mabati? Nikamuuliza Mama Hansa, akacheka mpaka miwani ikateleza.

"Upepo hauanguki kutoka juu, beta, mwanangu. Unakuja na mbele. Bila kioo utafika umekuwa kama ufagio."

Na ufagio ndio Moraa, fundi cherehani wetu, aliokuwa akiuogopa. Mama Hansa alikuwa amemwahidi kwamba siku ya harusi atampeleka kanisani na gari hilo, lakini kioo cha upande wake kilikuwa kimezama mlangoni kikakataa kupanda. Akaitwa fundi Nyakundi. Alipobandua kifuniko cha ndani cha mlango, mimi nilishaingiza kichwa kabla yake. Jamani, kumbe mle ndani kuna mkono wa chuma kama kiwiko, na kwenye ncha yake kigurudumu kidogo, wao wanakiita rola, ambacho kinakimbia kwenye mfereji chini ya kioo! Ukizungusha hendeli kiwiko kinanyooka, rola inakimbia, kioo kinapanda. Ya kwetu ilikuwa imelika ikabaki kama kifungo cha shati kuukuu.

Tukatafuta. Wauza spea wa mjini waliniuliza kama nimetumwa na babu yangu. Nyakundi alienda mpaka Keroka kwa wanaokata magari mabovu, akarudi na rola ya pikapu, nene kama mandazi. Mwishowe akaamua ikerezwe mpya ya shaba, lakini mwenye mashine akasema itakuwa tayari wiki baada ya harusi.

"Basi bibi harusi afungwe leso kichwani," Nyakundi akasema.

Mimi nimezaliwa Tabaka, baba yangu ni mchongaji wa mawe, na vumbi la mawe yetu likimwagika sakafuni unateleza kama umekanyaga sabuni. Nikawaza: kitu laini kwa tupa, kinateleza chenyewe, si ndiyo rola hiyo? Nikachonga, nikatoboa, nikasugua kwa msasa, nikapaka nta. Ikaingia! Kioo kikapanda polepole kama mtu aliyeamka bila kuitwa. Nyakundi akajikuna kidevu.

"Jiwe, Kerubo?"

"Jiwe la nyumbani, fundi."

"Haya. Likienda kanisani na kurudi bila kelele, Jumatatu kuja na ovaroli, nikufundishe kazi."

Wenzangu, maneno hayo ndiyo niliyokuwa nayaota nikikata mapazia ya watu. Kwa hiyo Jumapili nilipanda kiti cha nyuma nikiwa nimevaa gauni la zambarau na kiburi juu yake. Mama Hansa kwenye usukani, Moraa mbele kando ya kioo changu. Tulipoanza kupanda kilima cha Nyanchwa shela ikaanza kurukaruka, na mimi (nani aliniuliza?) nikasema, "Chomeka ncha ya shela hapo kioo kinapotokea mlangoni, mpira utaibana." Akachomeka. Ikabanwa vizuri kabisa.

Langoni mwa kanisa kuna tuta.

Tak! Krrr! Kioo kikazama na shela kikaimeza, na kichwa cha Moraa kikavutwa mpaka mlangoni kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Akina mama waliokuja na vigelegele wakanyamaza mmoja mmoja. Kufungua mlango haiwezekani, kichwa kitafuata. Nyakundi alikuja na suti yake, akatoa bisibisi mfukoni (hata harusini!), akanipa.

"Wewe uliyeweka, ndiwe utoe."

Basi nikajipinda juu ya magoti ya bibi harusi, matako yangu yakiangalia waumini, nikaanza kufungua skrubu moja baada ya nyingine. Vipande vya jiwe vikamwagika. Bibi mmoja akaokota kimoja akakigeuza juani.

"Omoiseke, wewe binti, hili si jiwe letu la Tabaka? Kumbe siku hizi mnachonga na magari?"

Kicheko hicho! Akaja mzee wa kanisa mbio. "Bwana harusi anauliza kama amekataliwa."

"Mwambieni nampenda!" Moraa akapiga kelele, shavu likiwa mlangoni.

Ndipo Mama Hansa, aliyekuwa ametulia muda wote huo kwenye usukani, akauliza kwa upole, "Kwani hiyo shela imeshonwa kwenye ngozi ya kichwa? Si mtoe pini tu?"

Pini zikatolewa. Moraa akashuka akaingia kanisani bila shela, nywele zikiwa hazijaguswa na upepo, na mimi nikabaki na bisibisi.

Tangu siku hiyo mjini naitwa Spea ya Tabaka. Nimeapa: kitu nikikitengeneza, nitakipeleka kwenye mashimo kwanza nikiwa na mimi mwenyewe ndani, ndipo nipakie bibi harusi wa watu. Jumatatu sikwenda kwa Nyakundi. Ningeenda na uso gani?

Rola ya shaba ilipokuja, aliileta mwenyewe stoo, akaiweka kwenye kiti cha gari pamoja na kopo la grisi. Akaniangalia, akaangalia mlango.

"Naenda chai," akasema, na nilijua ametoka kunywa sasa hivi.

Nikabaki peke yangu. Nikachota grisi kwa kidole, nikapaka rola, nikaisukuma mferejini, kisha nikabandika sikio mlangoni na kuanza kuzungusha hendeli polepole.