Ngwe Mbili za Wifi

Nikiulizwa nani alinifikisha jukwaani, huwa naanza na fundi wa njuga wa Nyasho, kwa sababu yeye ni rahisi kumshukuru. Alikuwa mzee wa Kiislamu, fundi chuma mwenye kelele, na hakumkabidhi mtu njuga mpaka azivae na kukanyaga uani kwake, kuku wa jirani wakimbie. Wasipokimbia, alizifungua miguuni mwako na kuzirudisha motoni. Zangu nilimlipa kwa samaki, sato wabichi wa asubuhi. Yeye akala, mimi nikacheza, tukamalizana.

Mimi na wifi yangu hatujamalizana mpaka leo.

Mama alipofariki nilihamia kwa kaka yangu, kijiji kimoja karibu na Butiama. Kaka alifanya kazi Kiabakari na kurudi mwisho wa juma, kwa hiyo aliyenilea hasa ni mkewe. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Tulikuwa na shamba la pamoja la pamba, na kila mtu mzima alipimiwa ngwe yake humo, kipande chake cha kulima na kupalilia. Ngwe ikiachwa iote majani, ilipewa mtu mwingine, na mwenyewe akaanza kuhesabiwa mpita njia. Wageni walikuwa hawaishi kuja Butiama, na mgeni huchezewa ngoma, basi sisi wachezaji tuliruhusiwa kwenda mazoezini wenzetu wakienda shambani. Lakini ruhusa haipalilii pamba. Ngwe ya mchezaji ilikuwa juu ya watu wa nyumba yake, na kwetu watu hao maana yake ni wifi.

"Nenda, miguu isipoe," aliniambia kila asubuhi, jembe begani.

Jioni mimi nilirudi nimejipaka mafuta, njuga kikapuni. Yeye alirudi na udongo mpaka magotini. Na bado ndiye aliyepika. Siku moja nilinung'unika kwa sababu ugali ulikuwa umepoa. Nilikuwa na ulimi, na bado ninao, ila ule wa siku ile ningependa kuukata. Wifi alicheka tu, akaniomba nimwonyeshe tulichofundishwa. Nikamchezea katikati ya vyungu. Akawa anayumba kidogo huku ameshika kiuno, na mimi, mjinga, nikadhani anacheza.

Baada ya mavuno tulicheza Bunda, kwenye sherehe ya wakulima wa pamba, na bwana mmoja kutoka Dar es Salaam akanichagua niingie katika kikundi chao cha ngoma. Kaka alikataa. Alisema dada yake hatakwenda kutikisa mabega mbele ya watu wasiomjua, tena ngwe amwachie nani? Wifi alijibu kabla sijafungua mdomo.

"Mwache aende. Ngwe yake nitaishika mimi."

Nilielewa kwamba ni kwa msimu mmoja, kisha kijiji kingeichukua. Ndivyo nilivyotaka kuelewa.

Nikaenda. Nilicheza mjini, nikacheza hata katika nchi za baridi ambako watu hutazama ngoma wamekaa, mikono mapajani. Nilimtumia wifi khanga. Nyumbani nilikuja kiangazi tu, maana ndipo tulipopewa likizo, na kiangazi shamba la pamba ni vumbi tupu. Huwezi kujua ngwe ipi ni ya nani. Wazee walinipokea kwa methali ileile kila mara, mcheza kwao hutunzwa, nami nilitabasamu kana kwamba waliitunga kwa ajili yangu. Sikujiuliza anayetunza hutunzwa na nani.

Mwaka mmoja niliumia goti, nikarudishwa nyumbani kupumzika. Ulikuwa wakati wa palizi. Nilimfuata wifi shambani nikiwa na uji wake, nikamkuta anamaliza ngwe yake. Akanyoosha mgongo polepole, akashika kiuno vilevile kama siku ile ya vyungu. Kisha akavuka mpaka, akainama, akaanza ngwe ya pili.

"Hiyo ya nani?" nikamuuliza.

"Yako."

"Yangu ya lini? Si mliirudisha kijijini?"

"Nimekuwaga nailima tangu uende. Ningeirudisha, ungekuja kukaa wapi? Hapa mtu asiye na ngwe wanamwitaga mgeni."

Nilikaa chini, uji mkononi. Nilishikwa na aibu, tena aibu yenye hasira, kwa maana mtu akikutendea wema bila kukuuliza unatamani kwanza umgombeze. Nikasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.

"Wifi, mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungerudi," akasema, na jembe lake halikusimama.

Hakuwa analaumu. Alisema kama anayemwelekeza mtu njia ya kisimani. Miaka yote ile, kila alipoinama kwenye ngwe yangu, alikuwa anamficha habari msichana ambaye, akizisikia tu, angevua njuga na kuja kumpokea jembe. Ndiye huyo aliyekuwa akimlimia.

Niliomba jembe. Goti liliniuma na mikono ilikuwa imesahau kazi. Niling'oa miche ya pamba pamoja na magugu, naye akapita nyuma yangu akiipanda upya. Nilitaka nimwambie ukweli pale pale. Nikaangalia kiuno chake, nikainama tena kwenye magugu.

Sasa amezeeka, na kila ninapokwenda kumshukuru ananikatiza. Anasema yaishe, hata mimi ningemfanyia vivyo hivyo. Ninaitikia, ninamshika mkono. Hata angeniambia, nisingerudi.