Waliponificha Kisu cha Muhogo

Nimemenya muhogo tangu nikiwa na miaka sita. Mwezi wa sita mwaka huu, nikiwa na miaka hamsini na saba, mwalimu mstaafu, mjane, mwenye shamba langu la mikorosho hapa Ziwani, binti yangu aliniletea kijiko.

"Tumia hiki, mama," akasema, kana kwamba muhogo ni uji.

Nilimtazama. Akatazama kuku. Nikanyanyuka na fimbo yangu mpaka jikoni. Kisu hakipo. Kile cha samaki nacho hakipo. Panga halipo nyuma ya mlango. Hata kamba za mbuzi zimeondolewa, na mbuzi wenyewe wamefungiwa bandani wanalia njaa, kwa sababu kamba zao zimehukumiwa pamoja nami. Nilirudi nikakaa kwenye kigoda, nikakitupa kile kijiko uani, kikampata jogoo.

Ninaandika haya nikiwa bado na hasira. Anayetaka maneno ya mgonjwa mpole aliyeridhika na kila kitu, akayatafute kwa mwingine.

Nina saratani ya titi. Daktari aliyeniambia mara ya mwisho alikuwa mwanamke mdogo kuliko binti yangu, na alinieleza kwa Kiswahili kinachoeleweka: imefika kwenye mifupa na kwenye ini, haitapona, kilichobaki ni kunipunguzia maumivu niishi vizuri siku zilizobaki. Huyo simlaumu. Namlaumu mdogo wangu wa kiume, aliyenisindikiza siku ile, ambaye hatujafika hata getini alishaanza kupanga safari ya Dar es Salaam. Dar nilishakwenda mara mbili. Nilichomwa mionzi, nikatundikiwa dawa zilizonimaliza nywele, nikalala kwenye godoro la watu na kutapika kwenye beseni la watu, huku wenye nyumba wakiniambia nijisikie nyumbani.

"Sirudi," nikamwambia.

"Utarudi, dada. Huwezi kukata tamaa."

Alilitamka hilo neno kana kwamba amenikamata na kuku wa jirani kwapani.

Ramadhani ilipoingia, mifupa ilianza kuuma kweli. Nilikuwa sifungi, lakini nilikaa kama aliyefunga, maana chakula hakikupita. Wageni walikuja kila siku. Huku kwetu mgonjwa haulizwi, anasalimiwa. Mtu anavua viatu, anaingia, anakaa mkekani. "Hujambo, mwalimu?" Nami, huku nimeuma meno, "Sijambo, alhamdulillah." Hapo kazi yake imekwisha. Anahamia kwenye habari za mvua na za arusi ya Mikindani, anakunywa chai, anaaga. Hata zahanati, muuguzi aliponiuliza, "Unaendeleaje, mwalimu?" nilimjibu sijambo, tena kwa sauti ya kukaripia. Akaandika sijambo. Akanipa vidonge vile vile anavyopewa mwenye kichwa cha jua.

Hasira hiyo ni yangu mimi juu yangu mimi. Nilifundisha darasa la tatu miaka mingi. Mtoto alipokuja mezani kwangu analia, "Mwalimu, tumbo linauma," nilimrudisha mlangoni aanze upya. Kwanza shikamoo. Kisha, nikimuuliza hujambo, aseme sijambo, ndipo aseme shida yake. Wengine walikuwa wakishasema sijambo wanarudi kukaa, shida imewaishia mdomoni. Nikajisifu kwamba nafundisha adabu.

Sasa niseme lile ambalo watu wa nyumba hii walikuja kulijua miezi mitatu baadaye. Ramadhani ile nilitaka kujiua. Si kwamba nilisema, "Heri nife," kama asemavyo kila mtu aliyekanyaga mwiba. Nilitaka. Nyuma ya nyumba kuna banda la vifaa vya shamba na dawa za mikorosho. Alasiri moja nilijikokota mpaka pale, nikakaa mlangoni. Msinitake niseme kwamba niliogopa moto au niliwaza wajukuu. Sikuwaza chochote. Nilikuwa nimechoka, na kuchoka kule kulikuwa kumekula kila kitu kingine. Nilikaa mpaka adhana ya magharibi, na binti yangu, aliyekuwa jikoni na futari, akaita, "Mama, tende hizi hapa!" Nikanyanyuka kwa mazoea, kama mtoto anavyonyanyuka kengele ikilia. Nikala tende. Akaniuliza, "Hujambo lakini?" Nikasema sijambo.

Baada ya Idi nilikwenda kwa mwanamke anayeosha maiti wa kike hapa kijijini. Ni mtu mzima kunizidi, nyumba yake ni ya tatu kutoka msikitini. Nilimkuta anapepeta mtama. Nilizungusha maneno sana, kisha nikauliza kana kwamba naulizia mtu wa mbali: mtu akijimaliza mwenyewe, nani humwosha?

"Mie," akasema, hakuinua hata macho. "Maji ni yale yale."

Akapepeta kidogo. "Hao hawanichoshi. Wanaonichosha ni waliobaki. Wananifuata mpaka hapa, mwaka mzima. Bibi, ulikuta alama gani? Bibi, uso ulikuwaje, alikuwa amekasirika na sisi? Mie nimeukuta mwili umeshapoa, nitajua nini? Ya kunuuliza ntu wangemuuliza yeye, angali anasikia." Akaweka ungo chini. "Wewe unaumwa wapi?"

Hakusema hujambo. Nilifungua mdomo nitoe ile sijambo yangu, kikatoka kilio. Nilimwonyesha kidonda cha titi ambacho hata binti yangu alikuwa hajakiona. Nilimwonyesha nyonga, mgongo, mbavu. Nilimwambia kuhusu mlango wa banda. Akasikiliza yote, kisha akauliza, "Na hospitali umewaambia hivi?"

"Nimewaambia sijambo."

Yule bibi alicheka mpaka meno yake matatu yakaonekana yote. "Mwalimu nzima!" akasema. Kisha akanishika mkono, akaninyanyua. "Kesho unakwenda. Usipokwenda, mie mwenyewe nitakuja kwako kumwambia ntoto wako."

Nikaenda. Nilimwambia muuguzi yule yule kwamba siku ile nilimdanganya. Nikamtajia panapouma, na nikamwambia kwamba nimefikiria kujiua. Aliweka kalamu chini, akafunga mlango, akavuta kiti karibu. Hakunihubiria. Aliniandikia barua ya kwenda hospitali, na huko nikapewa dawa ya maji, ya kupimwa na kunywewa kwa saa. Aliniambia nirudi kwake kila wiki na nichague mtu mmoja wa nyumbani nimweleze. Dawa nilikunywa. Kila wiki nilirudi. Mtu wa nyumbani sikumweleza, na hapo ndipo nilipokosea tena.

Maumivu yalipopungua, niligundua kwamba nilichokuwa nakikimbia hakikuwa uhai. Kufa nitakufa, hilo nimelikubali. Lakini nilitaka kufa kwa zamu yangu, kwenye kitanda changu, dirisha linalotazama mikorosho likiwa wazi, na yule bibi ndiye anioshe, maana kidonda changu anakijua na hatashtuka. Basi nikajiandaa kama watu wazima walivyojiandaa tangu zamani. Nilikwenda Mtwara mjini nikanunua bafta nyeupe ya sanda, udi, na karafuu maiti. Nikavifunga vizuri, nikaviweka chini kabisa ndani ya sanduku. Siku ile nilikula wali nikamaliza sahani.

Wiki iliyofuata binti yangu alitafuta kanga sandukuni, akakuta sanda.

Kikao kilikaliwa nyuma ya nyumba, bila mimi. Nilisikia minong'ono nikadhani wanapanga shughuli ya mtu. Kesho yake salfa yote ya kupulizia mikorosho ilikuwa imeondoka, na dawa nyingine, na pampu yenyewe. Mdogo wangu alikuwa amezipakia kwenye pikipiki, akazipeleka Mahurunga kwa wakwe zake. Kisha ikaja zamu ya visu. Kisha kila nilipokwenda chooni nikawa nasikia mtu anakohoa nje, kunijulisha kwamba yupo.

Nilipotaka kufa walinipa tende. Nilipokubali kuishi mpaka siku yangu, walininyang'anya kisu cha muhogo.

Na mikorosho haingojei vikao vya ukoo. Mwezi wa sita inaanza kutoa maua, asubuhi kuna ubaridi na ukungu, na ugonjwa wa ubwiriunga unaingia. Unaona unga mweupe kwenye maua, kidogo tu, kama mtu aliyepaka poda shingoni. Siku hiyo upulize salfa, alfajiri, kabla ya upepo. Usipopuliza, maua yanakauka na kuwa meusi, na mwaka umekwisha. Mikorosho ile aliipanda marehemu mume wangu. Nilitembea nayo mti kwa mti na fimbo yangu, naona unga unapanda.

"Rudisha salfa," nilimwambia mdogo wangu.

"Afya kwanza, dada."

"Afya ya nani?"

"Afya kwanza," akarudia, kwa sauti ile ya kumbembeleza mtoto anayetaka kuchezea moto.

Nilimwomba mara tatu. Mara ya nne sikuomba. Ilikuwa Ijumaa, mwezi wa saba katikati, ametoka msikitini, ameingia na kofia yake kichwani, binti yangu anamimina chai.

"Hujambo, dada?"

"Nani kakwambia sijambo?" nikasema. "Kaa chini. Na wewe weka birika, kaa. Leo nitajibu hiyo salamu mpaka mwisho."

Wakakaa.

"Naumwa. Nyonga inaniuma sasa hivi ninavyosema. Nitakufa kwa ugonjwa huu, na Dar siendi. Na nyinyi mmeniulia mikorosho."

"Ntu akinunua sanda," mdogo wangu akaanza, "anataka nini, dada?"

"Anataka sanda! Ulitaka nizikwe na pazia?"

Akainama. Binti yangu akaanza kulia, nami nikakasirika zaidi, kwa sababu kilio chake kilikuwa kinanitaka ninyamaze. Sikunyamaza. Niliwaambia kwamba kujiua nilikufikiria kweli, lakini hawakuniona, kwa sababu wakati ule hakukuwa na sanda, kulikuwa na mama anayesema sijambo.

"Lini?" binti yangu akauliza.

"Ramadhani. Nilikaa mlangoni mwa banda. Siku ile ukaniita tende."

Aligeukia jikoni. "Siku ile kuni zilikuwa mbichi," akasema. "Nilitaka kukuita baadaye, futari ikiwa tayari yote. Nikasema ngoja nimwite tu, aanze na tende." Akajiziba mdomo kwa kanga.

Mdogo wangu alivua kofia akajifuta nayo uso. Mimi nilikuwa nimejiandaa na maneno mengine mengi makali, nilikuwa nimeyapanga usiku na mchana, lakini yaliniishia. Nilimtazama mwanangu, nikaona kwamba angekuwa yeye, mwaka mzima, pale kwenye kizingiti cha yule bibi, akiuliza uso wangu ulikuwaje.

"Salfa irudi," nikasema. "Ije ipulizwe, kisha irudi huko ulikoipeleka, na dawa zote zikae huko. Sisemi hivyo kwa upole. Kuna siku bado siiamini nafsi yangu, na siku hizo nitawaambia. Lakini muniulize. Msinichunguze kama mwizi, niulizeni. Na kisu changu nakitaka leo."

"Na Dar?" mdogo wangu akauliza, kwa sauti ndogo.

"Nimeshasema."

Alitazama nje, kwenye miti yenye maua meusi. "Huendi," akasema. "Basi, dada. Huendi."

Alipuliza mwenyewe alfajiri iliyofuata, amejifunga kitambaa puani, mimi nimekaa mbali kwenye kiti namwelekeza kwa fimbo na kumkaripia. Miti mingi ilikuwa imeshakwisha. Mstari wa upande wa barabara, ambao huchelewa kutoa maua kila mwaka, huo tuliuwahi. Sijamsamehe kwa ile mingine, na yeye anajua, na tunakunywa chai pamoja.

Yule bibi mwoshaji huja Jumanne kunisafishia kidonda. Wiki iliyopita binti yangu aliomba aonyeshwe, akaonyeshwa, akatoka nje kutapika, akarudi akamalizia yeye.

Leo asubuhi nilikuwa uani namenya muhogo kwa kisu changu. Binti yangu alitoka na ndoo, akasimama mbele yangu. Hakusema hujambo.

"Mama, leo umefikiria?"

"Leo hapana," nikamwambia. "Jana asubuhi, kidogo."

Akaweka ndoo chini. Hakutaja Mungu, hakulia, hakukiangalia kisu. Alivuta kigoda chake karibu na changu, akaingia ndani akarudi na kisu cha pili, akachukua muhogo kutoka kwenye beseni, tukamenya.