Mwani wa Sista Nora

Wenzangu, jambo hili nimelificha miaka mingi, hata marehemu mume wangu nilimsimulia nusu tu, na mkitaka kucheka chekeni, ila mjue kwamba mimi kila nikilikumbuka bado masikio yananiwaka moto.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, nami nilikuwa mhudumu katika zahanati ya misheni kule Mlali, kazi yangu kuchemsha sindano, kufua bandeji na kumtafsiria Sista Nora lugha ya Kigogo, maana Kiswahili alishakijua vizuri, lakini wagonjwa wetu wengi, hasa kina bibi, Kiswahili walikuwa wanakisikia kwa mbali tu. Sista alizaliwa kwenye kisiwa kidogo huko Ulaya, kisiwa cha baridi na upepo, na kila baada ya miezi kadhaa mama yake alimtumia kifurushi, kikaja kwa meli, kikapanda treni mpaka Dodoma, kikapakiwa lori hadi kwetu, na ndani yake hakikukosa kimfuko cha majani makavu ya baharini. Mwani. (Bahari nilikuwa sijaiona hata kwenye picha, kwa hiyo neno hilo la Kiswahili nilifundishwa na Mzungu!)

Siku moja akauchemsha kwa maziwa na sukari, akaacha ugande, akanipa bakuli na kijiko.

"Onja, Yudithi. Kwetu mtoto akiugua anapewa hiki."

Jamani. Kilikuwa kinateleza kama kamasi, kinanuka ngozi mbichi iliyolala ndani ya maji, halafu ukishapita sukari unakutana na chumvi ambayo hukuitegemea. Nikainua macho nikamwona Sista ananitazama kama mtu anayengoja kusomewa barua ya nyumbani. Ningesema tu, "Sista, sijakizoea," yangeisha. Mimi nikasema, "Kitamu sana."

Basi kila Jumamosi nikawa napewa mkebe wangu, naubeba mpaka nyumbani, nawamwagia kuku (kuku walikifurahia, sitawasingizia), Jumatatu naurudisha umeoshwa unang'aa. "Umemaliza chote?" ananiuliza. "Nimelamba mpaka chini, Sista." Miezi minane hiyo! Na uongo ukishaurudia kila Jumatatu unakuwa kama salamu, husikii tena unachosema.

Kiangazi kikaja kikali, mboga zikakauka kote, na siku moja Sista akanijia uso unang'aa.

"Yudithi, niliandika barua pwani, na jana nimeletewa gunia zima la mwani. Kama wewe umeupenda, wenzako watakosaje kuupenda? Jumatano tutawapikia akina mama, nawe utawaeleza ladha yake."

Hapo ndipo ningesema. Nikasema, "Vema, Sista."

Jumatano baraza la zahanati lilijaa, mke wa mchungaji mbele kabisa, Sista akasalimia "Mbukwenyi!" kwa lafudhi yake wakamwitikia kwa shangwe, sufuria kubwa ikaletwa, na mimi nikapewa bakuli la kwanza nile wakiniangalia. Nikala, nikameza huku natabasamu, machozi yananilengalenga, nikasema kwa Kigogo kwamba hiki ni kitamu na kinatia nguvu. Nao wakaonja. Mmoja akatema kwenye upindo wa nguo yake. Mwingine akasema kwa Kigogo, "Hiki kimeoza."

"Anasemaje?" Sista akauliza.

"Anasema kinatia nguvu kweli."

Ajabu ni bibi mmoja mzee, Bibi Ndalu, aliyemaliza bakuli lake akalinyoosha aongezwe, akisema ni kama mlenda uliojitia chumvi wenyewe. Nilimkazia macho nikidhani naye ana adabu za uongo kama mimi, lakini yule bibi alikuwa analamba vidole.

Sasa jirani yangu Mama Chilewa, aliyewahi kukaa Dodoma mjini na kujivunia Kiswahili chake, akachungulia sufuria, akasema kwa sauti, kwa Kiswahili hicho hicho, tena bila ubaya wowote, "Ala! Yudithi, si ndicho kile unachowamwagia kuku kila Jumamosi?"

Baraza zima likaangua kicheko. Sista peke yake hakucheka, akaweka upawa chini taratibu.

"Kila Jumamosi?"

Nikafungua mdomo nijitetee, tumbo likawahi kunijibia. Nilikimbia, ila niliishia kwenye ngazi, nikatapika pale pale mbele ya mke wa mchungaji.

Jioni nilikwenda kuomba radhi, nikamkuta anasugua sufuria mwenyewe.

"Kutokipenda si kosa," alisema bila kugeuka. "Hata dada yangu hakipendi. Lakini kimfuko cha mama ni kidogo, Yudithi. Nilikuwa nakula nusu ili nawe upate."

Kumbe miezi yote ile aliamini kwamba katika Mlali nzima amempata mtu mmoja wa kula naye, naye mwenyewe alikuwa anajinyima kwa ajili ya kuku wangu.

Lile gunia alilichukua Bibi Ndalu, akala kiangazi chote na ugali wa uwele, na lilipokwisha akaja kuuliza lingine linafika lini. Kwa hiyo sithubutu kusema mwani si chakula.

Sista alinisamehe, na namwamini, kwani hakunifukuza wala hakunipandishia sauti. Tulifanya kazi pamoja miaka mitatu mingine. Vifurushi viliendelea kuja, mimi ndiye niliyevipokea kwenye lori, na siku akipika nilisikia harufu ikitoka jikoni kwake. Hakunikaribisha tena.

Tangu hapo, mtu akinipikia kitu kikanishinda, namwambia kwa upole, kijiko kikiwa bado mkononi. Wengine hununa. Wacha wanune siku hiyo hiyo.