Nimekata Sanda ya Mavyaa Kujaribia Gauni la Harusi

Admin, nakuomba unisitiri jina langu lisitokee popote, maana wifi yangu yumo humu ndani na hakuna kisa kinachompita. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, nimeolewa Munje, huku Msambweni. Nina watoto wawili na cherehani moja barazani. Kushona najua, wala sijisifu, wateja wangu ni mashahidi. Lakini kwa hili nililolifanya, mkasi ningenyang'anywa.

Wifi yangu, kitinda mimba wa mavyaa wangu, anaolewa Ijumaa ijayo. Mchumba wake alimletea lesi kutoka Oman, kipande kimoja tu, ukikiharibu huna pa kukipata tena. Akanionyesha kwenye simu gauni analolitaka: kiuno cha kubana, mkia wa kuburura. Mkato ule sikuwahi kuukata maishani. Nikamwambia, "Wifi, lesi hii siitii mkasi mpaka nikushonee la majaribio kwa kitambaa cha ovyo, tuone linavyokukaa." Akacheka. "Haya fundi, fanya utakavyo, bora siku hiyo mawifi zangu wapya wakose la kusema."

Kitambaa chenyewe sikuwa nacho. Mavyaa, mama mzazi wa mume wangu, naishi naye nyumba moja. Presha imemwandama mwaka mzima sasa, hatoki kitandani ila kwa kushikwa mkono. Nikaingia chumbani kwake. "Shikamoo mama. Huna shuka nyeupe kuukuu nikakatakata?" Akaitikia marahaba, akanipa ufunguo wa sanduku lake. "Pale juu mna shuka za zamani, mwanangu. Chukua hizo."

Zilikuwepo kweli. Lakini zimechakaa, ukizivuta zinachanika, na mkia zisingetosha. Kwa tamaa zangu za ufundi nikapekua mpaka chini. Nikakuta bafta nyeupe, pana, haijaguswa, imefungwa kwenye mfuko. Kuufungua tu, kafuri ikanipiga puani. Hapa ndipo ninapojilaani. Mtu aliyezaliwa pwani hii akikuta bafta inayonukia kafuri, haulizi ni ya nini, anajua ni sanda. Mimi nikajitia hamnazo. Nikajiambia ni ya kufukuzia mende, nikafunga sanduku, nikatoka nayo. Ufunguo nao nikasahau kuurudisha.

Nilikata, nikashona siku ile ile. Wifi akalivaa, akazunguka nalo uani akipiga picha za kuwatumia mashoga zake. Mavyaa akamwona kupitia dirishani, akapiga kigelegele kwa kisauti chake kilichobaki. Nilicheka pamoja nao, Mungu anisamehe. Mabega yalibana, nikayarekebisha, ndipo nikakata lesi. Gauni limetoka zuri kupita nilivyotarajia, sasa hivi limetundikwa chumbani kwangu na siwezi kulitazama.

Juzi mavyaa akaniita. "Mwanangu, kabla wageni hawajajaa, nitolee nguo yangu niliyokuja nayo kutoka Makka, ipate jua kidogo. Niliifua kwa maji ya zamzam kwa mikono yangu mwenyewe. Iko chini kabisa ya sanduku."

Nikamjibu, "Mama, ule ufunguo umenipotea." Uongo mtupu. Ufunguo ulikuwa kwenye fundo la leso yangu, na mpaka ninapoandika haya ungali hapo.

Mume wangu anafanya kazi hotelini Galu. Aliporudi nikamweleza yote nikilia. Akasema, "Mama watoto, nenda Ukunda ukanunue bafta nyingine. Ikunje, itie kafuri, irudishe. Mama macho yenyewe ndiyo yale ya ukungu, hatajua. Ukimwambia utampandisha presha. Na watu wakisikia bibi harusi kavishwa sanda, kesho utasikia ni uchawi, na wewe ndiye utakayetajwa."

Nikaenda nikanunua. Na naomba msinijie na maneno kwamba bafta yoyote yasitiri maiti, hilo nalijua, nimesoma chuo cha Kurani kama nyinyi. Kinachonila ni kwamba yule mama alisafiri mpaka kule, akaifua, akaikausha, akarudi nayo begani, na miaka yote hii anaiwekea siku yake. Nami nimeigeuza vipande vyenye alama za chaki, nikavishonea mkia.

Jana asubuhi nilikuwa namnywesha uji. Ufunguo hata hakuuliza. Alinishika kifundo cha mkono, akaniambia, "Siku yangu ikifika, sitaki wanawake wa mtaani waniguse. Unioshe wewe, na nguo yangu univike wewe. Wanangu watashindwa kwa kilio. Wewe ndiye ninayekuamini." Nikasema inshallah mama, na uji ukamwagika shukani.

Kumbe wifi alikuwa mlangoni anasikiliza. Akaingia anafuta machozi, akasema, "Mama usijali habari ya ufunguo kupotea, nishampigia fundi wa kufuli. Kesho baada ya alasiri anakuja kulivunja hilo sanduku, nguo yako tuianike sote."

Hiyo kesho ndiyo leo. Adhuhuri imeshaadhiniwa. Mavyaa amelala, wifi ameenda kupakwa hina, nyumbani niko macho peke yangu. Bafta mpya ninayo mapajani na nimeshaitia kafuri. Nikiirudisha sandukuni, harusi itapita salama, lakini siku ya kumkafini mama huyu nitamfunika kwa uongo wangu na mikono yangu mwenyewe. Nikimwamsha nimwambie, huenda nikamuua leo. Jamani, nyinyi wenye wakwe na wenye wazazi, nishaurini upesi, nifanye nini?