Bonde Lililopumzishwa

Kila mtaa una mtu ambaye mvua ikichelewa hali wala halali, na katika mtaa huu mtu huyo alikuwa Mama Matuta. Jina alipewa na wanawake wenzake wa bondeni, kwa sababu matuta yake yalinyooka kama yaliyopigwa rula. Mwanzoni hakulipenda. Hakuwahi kuzaa, na jina lolote lenye "mama" ndani yake aliliona kama nguo ya kuazima. Lakini watu wakishakubatiza, umebatizwa. Akalizoea, mwisho akaitika hata kabla halijamalizika kutamkwa.

Bonde lenyewe lilikaa katikati ya mji wa zamani na mji mpya. Upande huu nyumba zilibanana mpaka ukikohoa, jirani anakupa pole. Upande wa pili maghorofa yalikuwa yakiteremka mlimani mwaka hadi mwaka, kila moja likimsukuma mwenzake kwa mbele. Katikati pakabaki kijani. Wala si bahati. Tangu zamani ramani ya mji ilikuwa imelipaka bonde rangi ya kilimo, na pale ramani iliposema kilimo, nyumba haikujengwa. Wanawake wa bondeni hawakuwa na hati hata ya kufungia karanga. Walichokuwa nacho ni ile rangi kwenye ramani, na majembe yao.

Na mji ulilila bonde hilo bila kulitaja. Mchicha, bamia, majani ya maboga, vyote vilifika sokoni umande haujakauka. Mvua kubwa ikinyesha, maji ya mabati na ya lami ya huko juu yalishuka, yakakuta udongo uliolegea, yakanywewa. Nani alilifikiria hilo? Mtu hakifikirii kisogo chake mpaka kipigwe.

Mama Matuta alikuwa na mdogo wake mmoja, wa kiume. Mama yao alifariki kijana huyo akiwa bado anatambaa, baba naye akaenda kutafuta kazi, na mpaka leo bado anaitafuta. Basi dada akamlea. Alimlima mgongoni, kama alivyopenda kusema mwenyewe: jembe mkononi, mtoto mgongoni, na akilala anamshusha juu ya gunia kichwani mwa tuta. Alimsomesha kwa mafungu ya mboga. Posa zilikuja, akazirudisha, kwa sababu hakuna mwanamume aliyekubali kumchukua yeye pamoja na yule mtoto. Kijana akasoma, akafaulu, akaajiriwa ofisi ya mipango miji. Mtaa ukamwita Bwana Ramani, maana kila ukimwona ana karatasi ndefu iliyoviringwa kwapani. Dada mtu akipita naye barabarani, shingo ilirefuka. Nani angemlaumu?

Kila Jumapili Bwana Ramani alikuja kula kwa dada yake, kwenye kile chumba cha kupanga chenye kitanda, meza na jiko la mafuta nyuma ya pazia. Jumapili moja alikula taratibu kuliko kawaida. Akanawa, akajifuta, akasema:

"Dada, lile bonde limechoka."

Mama Matuta aliweka sahani chini. Tangu mdogo wake aanze kuvaa viatu vya kung'aa hakuwahi kumsikia akiongea habari za udongo.

"Umeonaje, baba?"

"Nimepita juzi. Bamia zimedumaa. Mchicha una madoa. Si wewe uliyenifundisha kwamba ardhi ni kama mwanamke aliyetoka kujifungua? Usipompa nafasi ya kupumzika atakufia."

"Ni maneno ya mama hayo," alisema dada, na macho yakamlowa.

"Basi ipumzisheni. Msimu mmoja tu. Lakini mkubaliane wote, maana ukipumzisha wewe peke yako wadudu watahamia kwa jirani na kurudi tena kwako. Mimi nitahakikisha ofisi inawaletea gari la samadi. Na wewe ndiye wa kuwaambia, dada. Pale bondeni nani mwingine anasikilizwa?"

Hicho ndicho wazee walichokiita kilemba cha ukoka, na Mama Matuta alikivaa mpaka kikamfika machoni. Tumcheke? Sitamcheka. Maneno yenyewe yalikuwa ya kweli. Ardhi ilikuwa imechoka kweli, kupumzisha ni kazi ya mkulima anayejijua, na aliyesema ni mtoto ambaye yeye mwenyewe alimtafunia chakula kabla hajaota meno.

Kesho yake aliwakusanya wenzake kando ya mfereji. Mama Pacha, mwenye shamba lililopakana na lake, ndiye aliyeguna wa kwanza. Alikuwa mama wa mapacha wawili wenye kula, na mdomo wake haukuwa na kizuizi.

"Tukiipumzisha ardhi, na matumbo nayo yatapumzika?"

Wakacheka. Mama Matuta akawaeleza habari ya wadudu, habari ya samadi, habari ya mavuno yatakayokuja. Hakumtaja mdogo wake. Aliogopa wangesema anajidai na ofisi. Mwishowe Mama Pacha akajishika kiuno.

"Haya bwana. Wewe hujawahi kutudanganya. Ukisema tupumzishe, tunapumzisha."

Msimu ule wanawake wa bondeni walihangaika. Mama Pacha alifua nguo za watu mpaka viganja vikachubuka. Wengine walichuuza mboga za kununua, zilizokuja kwa lori kutoka mbali zikiwa zimesinyaa. Mama Matuta alipata kibarua cha kufagia ngazi kwenye ghorofa moja la upande wa pili, na kila alipofika juu alisimama kidogo kwenye kidirisha na kulitazama bonde. Nyasi zilifika magotini, zikafika kiunoni. Alifurahi. Aliona ardhi inavuta pumzi.

Samadi haikuja. "Gari bovu, dada," alisema Bwana Ramani. Jumapili iliyofuata hakuja mwenyewe. Iliyofuata tena akatuma salamu kwamba kazi zimembana.

Badala ya samadi walikuja vijana wenye kamera na vizibao vya rangi ya machungwa. Mama Matuta aliwakuta pembeni ya bonde wakiogopa nyoka, na kwa wema wake akawatangulia, akizikanyaga nyasi ili wapate njia.

"Hapa msimu huu hapakulimwa, mama?" akauliza mmoja.

"Hata jembe halikugusa!" alijibu kwa fahari. "Bonde zima. Tumelipumzisha wenyewe."

Yule kijana alipiga picha. Alipiga nyingi. Mama Matuta akamwonyesha hadi mahali ambapo nyasi zilikuwa zimemzidi mtu kimo, akasimama kando asije akaharibu picha.

Kikao kiliitishwa katika darasa la shule ya msingi. Watu wazima walibanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Meza ya mbele walikaa maofisa, na Bwana Ramani mwisho wa meza, tai shingoni. Picha zikatokea ukutani, moja baada ya nyingine: nyasi, nyasi, mtaro ulioziba, nyasi. Katika mojawapo ukingo wa kanga ya Mama Matuta ulionekana.

Afisa mkubwa alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza. Alieleza kwamba ramani ya mji inapitiwa upya. Ardhi ya kilimo inayolimwa italindwa. Ardhi ya kilimo ambayo wakaguzi wameikuta imetelekezwa haiwezi kuendelea kukaa bure wakati watu hawana pa kulala. Kwa hiyo inapendekezwa matumizi ya bonde yabadilishwe kutoka kilimo kuwa makazi.

Mama Matuta alisimama kabla hajajua kuwa amesimama.

"Halikutelekezwa. Tumelipumzisha. Mkulima yeyote anajua."

"Naelewa, mama," alisema yule afisa. "Lakini kupumzisha bonde zima, kwa mara moja, msimu wenyewe wa ukaguzi? Nani aliwashauri?"

Wanawake wote wa bondeni waligeuka kumtazama yeye. Yeye akamtazama mdogo wake.

Alingoja. Hilo ndilo ambalo baadaye hakuweza kujisamehe, kwamba alingoja kwa matumaini. Alifikiri: sasa atasimama. Atasema, mheshimiwa, ni mimi, nilimshauri dada yangu kwa nia njema. Bwana Ramani alikuwa ameinamia simu yake, kidole kikipanda na kushuka. Mama Matuta akaona jinsi kola ilivyombana shingoni, akakumbuka jinsi ofisi inavyoweza kumfukuza mtu, na moyo wa ulezi ukamtangulia kwenye ulimi.

"Ni mimi," alisema. "Hakuna aliyenishauri. Nilijiamulia, nikawaambia wenzangu."

Akaketi. Mdogo wake aliinua uso, akavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Ni katika pumzi ile ndipo Mama Matuta alipojua. Mtu aliyekosea kwa bahati mbaya hapumui namna ile. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, nao hawakueleza kuwa nguo yenyewe unaweza kuwa umeifuma kwa mikono yako, usiku na mchana, kwa miaka.

Kikao kikapitisha pendekezo. Baada ya muda usio mrefu tingatinga likashuka bondeni, na nyasi zilizokuwa zikiwapumzishia ardhi zikaenda na udongo wake wa juu, ule mweusi, ukamwagwa kando ya barabara. Vigingi vikapigwa. Mvua ya kwanza ilipokuja, maji ya huko juu hayakupata pa kunywewa, yakaingia katika nyumba za mji wa zamani mpaka chini ya vitanda.

Jumapili moja Bwana Ramani akabisha hodi. Mama Matuta alimfungulia. Hakuwa amepika.

"Dada, nimekupigania," alisema akiwa bado mlangoni. "Wale wengine hawana kitu, hawana hati. Lakini wewe nimekupatia kiwanja. Utajenga. Utaondoka kwenye chumba hiki."

"Na wewe umepata?"

Akajikuna shavu. "Kipo kimoja, cha kona. Dada, mji unakua. Watu wanalala wanne wanne chumba kimoja. Tutaacha bamia mahali pa nyumba?"

"Hao wanne wa chumba kimoja ndio mnaowagawia?"

Alitazama jiko lililopoa nyuma ya pazia.

"Nikuulize moja tu," alisema Mama Matuta, na sauti yake haikupanda wala kushuka. "Siku ile uliyokuja na maneno ya mama, ulikuwa unajua ukaguzi unakuja?"

"Dada..."

"Ulikuwa unajua?"

"Ningekuambia, ungekataa."

"Basi jibu langu ulikuwa nalo," alisema. "Ulikuwa nalo mfukoni ukala chakula changu." Kisha uchungu aliokuwa ameubana tangu darasani ukamtoka wote. "Angekuwa mwizi wa mbali ningelia nikanyamaza. Wewe ningekupa hata hicho kitanda ungeniomba. Hukuniomba. Ulichukua neno la mama, ukanichimbia nalo shimo, na mimi nikawashika wenzangu mkono nikawaingiza. Toka. Kiwanja chako sikitaki. Toka, nisije nikakulaani, maana laana ya mlezi sijui inaondolewaje."

Alitoka. Akaacha mlango wazi.

Mama Matuta hakuufunga. Alijitanda kanga, akaenda moja kwa moja kwa Mama Pacha, ambaye tangu siku ya kikao hakumsemesha. Alimkuta uani amezungukwa na mabeseni ya nguo za watu, povu likimfika kwenye viwiko. Godoro la mapacha lilikuwa limeanikwa ukutani, bado lina alama ya maji.

"Nimekuja kukuambia ukweli," alisema Mama Matuta. Akamwambia wote, bila kujipunguzia: chakula cha Jumapili, maneno ya samadi, ukaguzi, kiwanja cha kona na kile alichokikataa. "Sikujua, shoga yangu. Nilidanganywa kama nilivyowadanganya."

Mama Pacha alikamua shati, akalikung'uta, akalitundika kwenye kamba.

"Nakuamini," alisema hatimaye.

Mama Matuta akaanza kulia kwa nafuu.

"Ngoja, usilie bado. Siku ile darasani, ulipomtazama akainama, ulikwisha kumjua au hukumjua?"

"Nilimjua alipovuta pumzi. Baada ya mimi kusema."

"Lakini kwamba aliyekushauri ni yeye, hilo ulilijua kabla. Ukaulizwa mbele ya wakubwa, mbele ya sisi sote. Ungelisema, wangeona mtu wa ofisi yao ana mkono, pengine wangesita. Nikakutegea sikio. Mapacha wangu walikuwa nje wananisubiri. Ukasema hakuna."

"Nilikuwa namsitiri. Ni mtoto wangu yule."

"Najua," alisema Mama Pacha, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyouma. "Ulimsitiri yeye, sisi ukatuacha uchi."

Akainama tena kwenye beseni. Mama Matuta alisimama pale uani, mikono imemning'inia. Baada ya kitambo Mama Pacha akamsogezea kigoda kwa mguu, bila kumtazama, akaendelea kufua.