Bahasha Iliyomruka Lissy

Bahasha ya kaki ilipopita juu ya meza yake mara ya tatu bila kusimama, Lissy Kuriakose aliacha kujidanganya. Trudy wa mishahara alimpa Lachlan, Lachlan akaificha chini ya gazeti la mbio za farasi, kisha wote wawili wakamtazama na kutabasamu. Lilikuwa tabasamu la watu waliokuwa wakikusema.

Lachlan alipokwenda chooni, Lissy aliinua lile gazeti. Juu ya bahasha palibandikwa orodha ya majina ya watu wa ofisi, na kila aliyekwisha kutia saini alikuwa amelikata jina lake. Ncha ya kadi ilichungulia: maua, na neno moja tu, Kwaheri. Alilitafuta jina lake kwenye orodha. Halikuwapo.

Miezi kumi na moja katika ofisi hii ya mabomba ya maji mjini Newcastle, Australia, ilikuwa imemfundisha jambo moja: hapa hakuna anayeondoka bila kadi. Hata fundi wa mashine ya kahawa alipewa yake. Kadi huzunguka kimyakimya, na mtu mmoja tu hurukwa: anayeondoka.

Mkataba wake ulikuwa unaisha Ijumaa hii, na kibali chake cha kuishi nchini kilining'inia kwenye mkataba huo. Huko kwao Kottayam mumewe Saji alikuwa ameshaacha kazi, binti yao ameshaaga shuleni, na safari yao ya kumfuata ilikuwa Januari. Kwa hiyo leo, Jumanne ya kwanza ya Novemba, siku ambayo Australia nzima huvaa kofia za mapambo na kusimamisha kazi kutazama farasi wakikimbia dakika tatu na ushee, Lissy hakuwa na hamu hata ya kamba wa baharini waliojaa kwenye mabakuli ya karamu ya ofisi.

"Lissy! Kofia yako hii!" Trudy alimvika kitu chenye manyoya ya zambarau. "Nimeshona mwenyewe. Ukiivua nalia."

Kwa nini leo? aliwaza Lissy. Miezi kumi na moja hajanishonea hata kifungo.

Kwa bahati nasibu ya ofisi, kila mtu farasi wake, walichota majina ya farasi kutoka ndani ya kofia ya Neville, mzee wa meza ya jirani. Lissy akampata Mjane Mcheshi, na chumba kizima kikaangua kicheko.

"Pole, dada! Huyo bado hajamaliza mbio za mwaka jana," alisema Lachlan. "Lete tubadilishane. Wangu ndiye anayesifiwa."

"Kwa nini?"

"Kwa nini nini? Nakupa tu."

"Unanionea huruma?"

"Aa, ni farasi tu jamani! Basi, baki na mjane wako."

Lissy alikikunja kikaratasi ndani ya kiganja. Wakati huo huo Glenys, mkuu wa ofisi, akamsogelea na glasi mkononi, akashusha sauti. "Mbio zikiisha, njoo ofisini kwangu kidogo. Si jambo kubwa."

Si jambo kubwa! Kila balaa maishani mwake lilianza kwa maneno hayo.

"Kula kamba, binti," Neville alimhimiza. "Uso huo ni wa msibani."

Saa tisa ikafika. Watu kumi na wanne walijibana mbele ya televisheni na kofia zao, mara kimya, mara mayowe. Lissy alitazama migongo yao. Basi wangeshangilia, wangekunywa, halafu yeye angeitwa pembeni, amalizwe kwa sauti ya chini ili karamu isiharibike. Hapana. Farasi walipoingia kwenye sehemu ya mwisho iliyonyooka, alipita katikati ya watu akasimama mbele ya kioo cha televisheni.

"Mnanifukuza?"

"Toka hapo!" walinguruma wote. "Lissy, toka! Jamani, farasi wangu!"

"Sitoki mpaka mniambie!"

Nyuma yake mtangazaji alipasua sauti, mbio zikaisha. Hakuna aliyeona mshindi.

"Nani anakufukuza?" Glenys aliuliza.

"Kadi ya kwaheri imezunguka. Kwenye orodha jina langu halimo."

Trudy aliziba mdomo kwa mkono. Neville aliweka sahani yake chini taratibu.

"Na langu lilikuwamo?"

Lissy hakuwa ameangalia. Alikuwa amelitafuta la kwake tu.

"Nastaafu Ijumaa, binti. Kadi ni yangu. Na nilikuwa nimeshafanya mazoezi ya kushtuka."

"Hakuna aliyeniambia."

"Nilitangaza Septemba, kwenye mkutano wa..." Neville akakwama. Ulikuwa mkutano wa wafanyakazi wa kudumu. Wa mkataba hawaitwi. Trudy naye alikuwa amenakili orodha hiyo hiyo ya wa kudumu. Watu waliomvika manyoya na kumlisha kamba walikuwa wamekata majina yao mmoja mmoja, wala hakuna aliyeuliza la Lissy liko wapi.

"Na wewe ulikuwa unaniitia nini?" Lissy alimgeukia Glenys.

"Kukuuliza kwa nini hutaki kutia saini! Nimekuongezea mkataba wa miaka miwili. Barua yake iko kwa mawakala wako wa ajira wiki ya tatu hii, na wewe kimya. Nikajua umepata kazi Sydney, unanificha."

"Sijaona barua yoyote."

"Ala! Wamekaa nayo hao. Basi, hongera, chukua glasi..."

"Ichapishe."

"Leo? Lissy, leo siku ya—"

"Sasa hivi."

Glenys aliondoka, manyoya yakimtikisika kichwani. Lissy alimfuata hadi kwenye mashine ya kuchapisha, akazichukua karatasi zikiwa bado na joto. Alisoma mbele na nyuma, akaanza upya tangu juu, akapima kila tarehe kwa kidole.

"Haya, umeridhika?"

"Mikutano haimo humu. Andika kwamba nitaitwa kwenye yote."

Glenys alicheka, kisha akauona uso wake, akaacha. Aliinama juu ya mashine, akaliandika hilo pembeni mwa ukurasa kwa mkono wake, akatia saini.

"Na tarehe," alisema Lissy.