Nguruwe Mwenye Adabu wa Gennadi Lukich

Gennadi Lukich alikuwa dereva wa treni mstaafu, na maisha yake yote aliongopa jambo moja tu: mahali anapookota uyoga. Kwetu hilo si kosa. Huku mpakani, upande wa Warusi na upande wetu Waestonia, mtu atakuonyesha hata barua za mchumba wake wa zamani, lakini pahali pake pa uyoga atazikwa napo.

Alikuwa na blogu ya Kirusi, na kila safari ya msituni aliiandika. Mimi niko Tartu, upande wetu, napokea wagonjwa kwa daktari wa meno, na kila mchana nilikula mkate kwa mkono mmoja huku nikimtafsiri kwa Kiestonia kwa mkono wa pili. Hakuna aliyenituma. Alinichekesha, nikaona ni uchoyo kucheka peke yangu.

"Leelo," aliniandikia, "uyoga wangu umeshaliwa, umeshasahaulika, wewe ndiyo kwanza unafika kwenye kikapu!"

"Haraka haraka haina baraka, mzee wangu."

"Sawa. Na hiyo pole pole yako ina uyoga?"

Wasomaji walimpenda kwa mambo mawili. La kwanza ni mwizi wake, nguruwe mwitu aliyekuwa akimtangulia msituni, akikata uyoga kwa usafi na kufunika shina kwa majani ya msonobari. Lukich alimwita Nguruwe Mwenye Adabu. La pili, kila mara kabla ya kurudi nyumbani alipaza sauti, "Aaa-uuu!" Ndivyo tunavyoitana msituni asije mtu akapotea, lakini yeye alikwenda peke yake. Wakamtania: unamwita nani, dubu? Akajibu kwamba ni adabu tu.

Mwezi wa nane moyo wake ulisimama akiwa anapalilia matango. Nilizisoma habari hizo kwenye blogu ya mwenzetu aitwaye Shangazi Bizari, nikaangua kilio mbele ya mgonjwa. Maskini, akadhani nimeona picha ya jino lake.

Arobaini yake ikaangukia Septemba, kwenye msimu wenyewe. Nikapanda basi, nikavuka mpaka hadi kijijini kwake. Mezani palikuwa na chapati nyembamba za maziwa, picha yake, na glasi yake marehemu iliyofunikwa kipande cha mkate mweusi, kama desturi ya Warusi. Pembeni ya mjane, Zoya, alikaa jibaba lenye ndevu hadi kifuani.

"Leelo! Njoo unikumbatie! Mimi Bizari."

"Shangazi Bizari?"

"Jina langu Arkadi. Hukuwahi kuuliza, mpenzi."

Miaka yote hiyo nimempa siri za wanawake! Kwa kuchanganyikiwa nikanyanyua glasi nigonganishe na yake, akairudisha yake haraka. "We! Kwenye arobaini hatugonganishi, hii si harusi!" Zoya ndiye aliyeanza kucheka, meza nzima ikamfuata.

Baadaye Arkadi akasema, "Mama Zoya, tuambie basi mahali pake. Nitapaandika kwenye blogu, watu waende wamkumbuke."

"Hata mimi hakuniambia," Zoya akajibu. "Kaondoka napo."

Nikainamia sahani yangu, maana mimi nilipajua. Lukich alidanganya njia, lakini alisahau kudanganya mambo madogo: honi ya treni ikilia mgongoni, harufu ya kiwanda cha mkate, buti la kushoto kulowa kabla jua halijampiga usoni. Anayesoma mbio huyapita hayo. Mimi niliyapita kwa kutambaa. Lakini nifanyeje? Nikisema, Jumapili mkoa mzima uko pale na ndoo. Nikinyamaza, mjane hatapaona kamwe mahali ambapo mumewe alipapenda kuliko kitanda chake. Nikaamua nikahakikishe kwanza.

Asubuhi nikatoka kimya. Buti la kushoto likalowa. Honi ikalia mgongoni. Nikapanda kilima kidogo chenye misonobari, na pale, amepiga magoti na kisu mkononi, nikamkuta Zoya.

Tukatazamana kama wezi wawili waliokutana dirisha moja.

"Umejuaje hapa?" akafoka.

"Nimetafsiri. Na wewe, mama?"

"Nilimfuata mwaka ule tulipooana." Akafunika shina kwa majani ya msonobari, taratibu. "Sikumwambia. Mwanamume akifurahia siri yake, unamnyang'anya ya nini? Nikawa nakuja kabla yake, nachukua kidogo. Hakujua mpaka kufa."

Nikaitazama mikono yake na yale majani.

"Mama, blogu yake uliwahi kuisoma?"

"Mimi na kompyuta wapi na wapi."

Nikamsomea kwa moyo, kwa Kirusi chake Lukich mwenyewe, maana mtu akishatafsiri kitu hakimtoki: "Leo Nguruwe wangu Mwenye Adabu kanitangulia tena. Magoti yanamsumbua siku hizi, kwa hiyo ule mzuri wa bondeni nimeukata mimi, asihangaike kushuka. Wa kilimani nimemwachia yeye. Kabla sijaondoka nimemwita, asije akabaki peke yake giza likiingia."

Zoya alishika goti lake.

"Aliniita nguruwe," akasema, "mbele ya Waestonia!"

"Mwenye adabu, mama."

Akacheka hadi akakaa chini kabisa, machozi yakimtiririka, nami nikakaa kando yake nikilia na kucheka vilevile. "Na mimi nikidhani anaogopa msitu," akasema. "Kila mara akiita, najibana nyuma ya mti nisicheke. Sikumjibu hata siku moja."

Mbali kijijini tukasikia sauti ya Arkadi akitutafuta. Zoya akajifuta uso. "Huyo nitampeleka kinamasini," akasema. "Na wewe, ukiandika, sema ni kinamasini."

"Nitasema hivyo."

Nikamshika mkono akasimama. Akakipa kijiji mgongo, akaugeukia msitu ulikokuwa mnene, akaweka viganja mdomoni, akajibu:

"Aaa-uuu!"